Mita Sita za Utumbo: Namna ya Kumchunguza Mgonjwa wa Seliaki Asiyepona



Utumbo mwembamba wa mtu mzima ukinyooshwa unakaribia urefu wa mita 6. Ule mpira wenye kamera ambao baadhi yenu mmewahi kuumeza, au mmempeleka mzazi akaumeze, hupita kooni, ukapita tumboni, ukaingia sehemu ya mwanzo ya duodeni, kisha ukarudi. Nyuma yake hubaki jejuni na ilea, yaani karibu utumbo wote. Kwa mgonjwa wa vidonda vya tumbo hilo halina neno. Lakini yupo mgonjwa wa seliaki aliyeacha ngano mwaka mzima, na bado anaharisha, anakonda na kuamka usiku kwa maumivu. Huyo, kinachomuua huenda kimejificha hukohuko ambako mpira haukufika. Nimekuja kuzungumzia namna ya kukifikia, na hasa mpangilio wa maswali yanayotakiwa kuulizwa kabla mashine yoyote haijawashwa.

Ugonjwa wenyewe niueleze kwa ufupi. Seliaki ni ugonjwa wa kinga ya mwili. Mtu mwenye jeni za HLA-DQ2 au HLA-DQ8 anapokula gluteni, protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, kinga yake inaweza kugeuka na kuushambulia utando wa ndani wa utumbo. Vinyweleo vidogo vinavyofyonza chakula hufupika hadi kutoweka, na vishimo vilivyo chini yake hurefuka. Mwaka 1992 mtafiti Michael Marsh alizipanga hatua za uharibifu huo, na ripoti za vinyama vya utumbo, yaani vipande vidogo vinavyokatwa kwa uchunguzi, bado huandikwa kwa madaraja yake. Duniani takriban mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, wengi bila kujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi ulikuta zaidi ya 5 kati ya kila 100, kiwango ambacho Ulaya haijakifikia. Nawaomba basi tuache kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Tiba yake inajulikana tangu daktari wa watoto Willem Dicke wa Uholanzi alipoonyesha, katika tasnifu yake ya mwaka 1950, kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwadhuru wagonjwa wake. Mgonjwa anaacha gluteni maisha yake yote. Na wengi hupata nafuu kwa kuacha huko peke yake: kuharisha hukoma katika wiki chache, damu huongezeka, uzito hurudi.

Utumbo, hata hivyo, haufuati kasi ya dalili. Watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha mwaka 2010 matokeo ya watu wazima waliochukuliwa vinyama tena baada ya kuanza mlo. Baada ya miaka 2, ni 34 tu kati ya 100 ambao utando wa utumbo wao ulikuwa umepona. Baada ya miaka 5 walifika 66. Kwa hiyo kinyama ambacho bado kina kasoro baada ya mwaka mmoja, kwa mtu anayejisikia vizuri na anayeongezeka uzito, si habari ya kumtisha. Mtu mzima hupona polepole.

Wanaonishughulisha leo ni wale ambao dalili zao hazitulii, au zilitulia kisha zikarudi. Hao si wachache. Katika baadhi ya tafiti wanafika 30 kati ya 100. Ilhali seliaki sugu halisi, ile ambayo vinyweleo vimebaki vimefutika na mgonjwa anaendelea kudhoofika baada ya miezi 12 ya kufuata mlo kikamilifu, humpata takriban mgonjwa 1 kati ya 100, au pungufu ya hapo. Angalieni umbali ulio kati ya namba hizo mbili. Daktari anayemwona kila asiyepona kuwa ana saratani atawatesa watu 29 kwa ajili ya mmoja. Daktari anayemwona kila asiyepona kuwa ni mkaidi anayekula chapati gizani atamzika yule mmoja. Madaktari wote wawili nimewaona, na wote walikuwa watu wema.

Swali la kwanza linawashangaza wagonjwa wengi: je, ilikuwa seliaki kweli? Kioo cha kinyama cha kwanza kitolewe kabatini, kiangaliwe upya na mwanapatholojia anayeufahamu utumbo. Majibu ya kingamwili za damu ya wakati ule yatafutwe. Vinyweleo vya utumbo hufutwa na mambo mengi. Giardia huweza kuvifupisha. Virusi vya UKIMWI huweza. Upungufu wa kinga wa kurithi huweza. Mwaka 2012 Mayo Clinic haohao walieleza wagonjwa 22 waliokuwa wakiharisha vibaya mno, vinyweleo vimekwisha, kingamwili za seliaki hazionekani, na mlo usio na gluteni haukuwasaidia kitu. Wote walikuwa wakimeza olmesartani, dawa ya shinikizo la damu. Ilipoachishwa walipata nafuu. Tafakarini mtu amenyimwa mkate miaka mitatu kwa kosa la kidonge cha presha! Ndiyo maana orodha ya dawa zote anazomeza mgonjwa ni kipimo, tena cha bure. Na pale shaka inapobaki, kipimo cha jeni kinasaidia kwa upande mmoja: asiye na HLA-DQ2 wala HLA-DQ8 karibu hawezi kuwa na seliaki. Mwenye nazo hajathibitishiwa lolote, kwa sababu watu wengi wenye afya njema wanazo pia.

Swali la pili ni gluteni. Ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kutopona, na hapa ndipo heshima ya daktari kwa mgonjwa hupimwa. Viwango vya kimataifa vya Codex vinaruhusu chakula kiitwe kisicho na gluteni iwapo hakizidishi miligramu 20 kwa kilo. Utafiti wa Kiitalia wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, zikiliwa kwa miezi 3, zinatosha kuharibu vinyweleo. Kipande kimoja cha mkate kina gramu 2 hivi za gluteni, yaani mara 40 ya kiasi hicho. Mtu anaweza kuila sumu hiyo bila kuonja ladha ya ngano.

Katika nyumba za Afrika Mashariki gluteni ina milango yake. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, ndizi, mtama, ulezi, maharage, vyote kwa asili havina gluteni, na hiyo ni neema ambayo mgonjwa wa Ulaya hana. Lakini unga wa lishe wa uji mara nyingi huchanganywa ngano ndani yake. Mashine ya kusaga iliyosaga ngano ya jirani asubuhi ndiyo itakayosaga mtama wa mgonjwa mchana. Chipsi hutumbukizwa katika mafuta yaliyokaangiwa sambusa na maandazi. Bia nyingi hutengenezwa kwa shayiri. Mchuzi wa hotelini umekolezwa unga ili uwe mzito, na mpishi haoni sababu ya kulitaja hilo.

Ukimwuliza mama wa watu, "Unakula chapati kwa siri?" atakataa, na tangu siku hiyo hatakuambia neno. Mwombe akusimulie kilichopikwa kwake jana tangu alfajiri, nani alikipika, unga ulisagwa wapi, na msibani Jumamosi alikula nini. Utajua ukweli wote, na yeye atajifunza mengine palepale. Siku hizi vipo vipimo vya mkojo na kinyesi vinavyotambua mabaki ya gluteni iliyoliwa siku chache zilizopita. Ni vizuri, maadamu havitumiki kumkamata mtu. Kama katika nyumba nzima ngano haijaingia kabisa na mkojo wake ni safi, basi mwamini, uende mbele.

Swali la tatu ni magonjwa yanayotembea pamoja na seliaki: kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, kongosho kulegea, bakteria kuzidi katika utumbo mwembamba, uvimbe wa utumbo mpana usioonekana ila kwa darubini, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi. Haya yana vipimo vyake na tiba zake, na sitayakalia.

Tumebaki na wachache. Mlo wao ni safi, utambuzi wao ni sahihi, na bado wanadhoofika. Wengi wao wamepita umri wa miaka 50, na wengi waligunduliwa ukubwani, baada ya utumbo kuungua kwa miaka. Hapa zipo dalili ambazo hazitaki kusubiri: homa isiyo na chanzo, jasho la usiku, maumivu yanayozidi baada ya kula, damu katika kinyesi, albumini, protini ya damu, inayoporomoka, na hasa uzito kushuka tena kwa mtu aliyekuwa amepona vizuri. Kingamwili za damu zikirudi zikiwa safi, zisimtulize mtu. Kingamwili hizo hueleza habari za gluteni inayoingia, na katika seliaki sugu mara nyingi huwa za kawaida ilhali utumbo unateketea.

Kinachotafutwa sasa ni nini? Niwarudishe nyuma kidogo, kwa sababu historia ya jambo hili ina funzo la kitabibu ndani yake, na pia inapita katika ardhi yetu.

Mwaka 1937 madaktari wawili wa London, Fairley na Mackie, waliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na kinyesi cha mafuta pamoja na limfoma, saratani ya chembe za kinga, katika utumbo. Walidhani limfoma ndiyo iliyotangulia, ikaziba njia za limfu, ndipo mafuta yakashindwa kufyonzwa. Maelezo hayo yalikaa miaka 25. Kisha mwaka 1962 Gough, Read na Naish wa Bristol wakaligeuza jambo zima: wagonjwa wao walikuwa na ugonjwa wa kushindwa kufyonza chakula miaka mingi kabla ya uvimbe wowote. Utumbo uliokuwa ukiungua ndio ulioizaa limfoma.

Miaka hiyohiyo, Kampala, mwanapatholojia kijana wa Kiingereza aitwaye Dennis Wright alikuwa akifanya kazi Makerere pamoja na daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akichunguza kwa darubini ile limfoma ya taya za watoto ambayo leo ulimwengu wote unaiita kwa jina la Burkitt. Wawili hao walitoa kitabu juu yake mwaka 1970. Wright aliporudi Uingereza na kufundisha Southampton, yeye na Peter Isaacson walichukua matumbo ya wagonjwa wa seliaki waliopata limfoma, na mwaka 1978 wakachapisha maelezo ya uvimbe huo na uhusiano wake na vidonda vya jejuni. Walidhani chembe zake ni za ukoo wa histiosaiti, aina moja ya chembe za kinga. Mwaka 1985 Isaacson na wenzake wakathibitisha kwamba ni seli T, aina nyingine. Mimi hulisimulia hili kila ninapopata nafasi. Jicho lililojizoeza kuzitambua limfoma katika maabara ya Kampala lilisaidia kutambua limfoma ya wala ngano wa Ulaya, na wanafunzi wetu wa tiba wanapaswa kujua hivyo.

Swali la zilikotoka seli T hizo lilijibiwa hatua kwa hatua, na kikundi cha Paris cha Christophe Cellier na Nadine Cerf-Bensussan kilitoa jibu kubwa mwaka 1998 na 2000. Katika utando wa utumbo wa kila mmoja wetu zimo seli T zilizojipenyeza katikati ya seli za ukuta. Ni askari wa zamu. Juu ya ngozi ya seli hizo kuna alama, CD3 na kwa nyingi CD8, ambazo ni sare yao. Katika seliaki ya kawaida askari huongezeka, lakini wote wamevaa sare. Katika wagonjwa wengi wa seliaki sugu, watafiti wa Paris walikuta kundi la askari waliovua sare. CD8 haipo. CD3 haionekani juu ya seli, ila ukiipasua unaikuta imefichwa ndani. Na ukipima jeni zao za kipokezi unakuta wote wametokana na seli moja iliyojizidisha. Hiyo ni saratani ambayo bado haijajenga uvimbe.

Kutokana na hapo seliaki sugu iligawanywa mara mbili. Aina ya 1 ina seli zenye sare kamili. Wagonjwa wake hupata nafuu kwa budesonidi au dawa nyingine za kutuliza kinga, na zaidi ya 90 kati ya 100 wako hai baada ya miaka 5. Aina ya 2 ni ile ya seli zilizovua sare. Katika takwimu za vituo vya Ulaya, karibu nusu ya wagonjwa wake hufariki ndani ya miaka 5, ama kwa njaa ya mwili usiofyonza chakula, ama kwa limfoma ambayo seli hizo huzaa. Limfoma ikishajijenga, wanaofikisha miaka 5 ni chini ya mmoja kati ya watano. Ndiyo maana nasisitiza utambuzi upatikane pale ambapo seli zimebadilika na uvimbe haujaja. Hapo bado kuna nafasi ya kufanya kitu, kwa dawa ya kladribini, na kwa baadhi ya wagonjwa kwa upandikizaji wa seli zao wenyewe za uboho.

Kipimo cha kwanza cha kutenganisha aina hizi hakihitaji maajabu. Vinyama visivyopungua 4 kutoka duodeni, na kimoja au viwili kutoka mwanzo wake, hupakwa rangi za kingamwili za CD3 na CD8. Kama zaidi ya nusu ya seli T za ukutani zina CD3 bila CD8, mashaka ni makubwa. Kituo chenye saitometri ya mtiririko kitazihesabu seli zisizo na CD3 juu yake, na zikizidi 20 kati ya 100 huhesabiwa kuwa aina ya 2. Kipimo cha jeni za kipokezi kinaonyesha kama ni ukoo mmoja. Kimoja peke yake kinaweza kudanganya: ukoo mmoja huweza kujitokeza kwa muda hata katika aina ya 1, na seli za CD8 hupungua kwa baadhi ya watu wenye seliaki nyepesi kabisa. Vinyama viwili vilivyochukuliwa nyakati tofauti, na vipimo viwili vinavyokubaliana, ndivyo vinavyompa daktari haki ya kutamka.

Utambuzi huu, niruhusuni niutilie mkazo, unaharibiwa na prednisoloni. Mgonjwa amedhoofika, familia ina hofu, daktari anamwandikia steroidi na anapata nafuu baada ya siku tatu. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini steroidi huua au hunyamazisha seli zilezile tunazozitafuta, na kinyama kitakachochukuliwa baadaye kinaweza kutoonyesha limfoma iliyokuwapo. Kinyama kitangulie, vidonge vifuate. Kama mgonjwa hawezi kusubiri siku mbili, basi alazwe siku hiyohiyo na kinyama kichukuliwe siku hiyohiyo.

Sasa tuingie katika zile mita zilizobaki. Zamani kulikuwa na baria tu: mgonjwa hunywa uji mweupe, akapigwa picha kila baada ya muda. Waliozoea walijua kwamba katika seliaki mikunjo ya jejuni hupungua na ile ya ilea huongezeka, kinyume cha maumbile. Alama hiyohiyo leo huonekana katika CT na MRI za utumbo uliojazwa maji. Picha hizo huonyesha pia ukuta ulionenepa, sehemu iliyofinyika, utumbo ulioingia ndani ya utumbo, wengu uliosinyaa, na mitoki ya tumboni. Ipo hali adimu na ya hatari ambapo mitoki hiyo huyeyuka katikati na kujaa majimaji ya maziwa. CT ndiyo inayoigundua, na mgonjwa huyo yuko katika hatari kubwa. PET, inayofuatilia sukari mwilini, husaidia kutofautisha uvimbe unaokua na utumbo uliovimba tu, ingawa utumbo wa seliaki wa kawaida nao huweza kung'aa kidogo.

Kisha kuna kidonge chenye kamera. Mhandisi wa Israeli, Gavriel Iddan, aliyekuwa akitengeneza vifaa vya macho vya makombora, alishirikiana na Paul Swain, daktari wa London. Mwaka 2000 habari za kidonge hicho zilichapishwa, na mwaka 2001 kikaruhusiwa Marekani. Kina urefu wa milimita 26 na upana wa 11. Mgonjwa hukimeza kwa maji, huvaa mkanda wa kunasa picha, na kwa muda wa saa 8 hivi kidonge hupiga picha zaidi ya 50,000 kikiwa kinasukumwa na utumbo wenyewe. Daktari huketi kuzitazama. Huona mikunjo iliyokatika kama meno ya msumeno, utando wenye mipasuko, na mara nyingine vidonda vya jejuni ambavyo hakuna mpira uliowahi kuviona. Katika seliaki sugu kidonge hiki kimebadili kazi yetu.

Kina mipaka miwili. Hakichukui kinyama. Na pale utumbo ulipofinyika kinaweza kukwama, jambo ambalo kwa mgonjwa wa aina hii si la kudhania. Kwa hiyo mwenye maumivu ya kubana au anayetapika hufanyiwa kwanza CT au MRI, au hupewa kidonge cha majaribio ambacho huyeyuka chenyewe kikikwama. Kidonge kikionyesha kidonda, ndipo inapoitwa enteroskopi ya puto mbili, iliyobuniwa na Hironori Yamamoto wa Japani na kuchapishwa mwaka 2001. Puto hujazwa na kupunguzwa kwa zamu, na utumbo ukakunjwa juu ya mpira kidogo kidogo hadi kamera ifike katikati ya jejuni au mbele zaidi, na hapo kinyama hukatwa kwenye kidonda chenyewe. Kidonda kina ukuta mwembamba unaoweza kutoboka. Anayefanya kazi hiyo awe na daktari wa upasuaji karibu.

Hutokea pia kwamba kinachopatikana si limfoma bali saratani ya utando wenyewe wa utumbo mwembamba. Huja kwa upungufu wa damu wa madini ya chuma usiorekebishika au kwa utumbo kuziba. Ni adimu, hukatwa, na ikiwahiwa mgonjwa ana matumaini bora kuliko mwenye limfoma.

Kwetu kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya haviusemi kwa sauti inayostahili. Homa, kukonda, jasho la usiku, vidonda vya utumbo vinavyouzungusha ukuta wake, mitoki mikubwa ya tumboni: mpe maelezo hayo daktari yeyote wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, atakuambia TB ya tumbo, na mara nyingi atakuwa sahihi. TB ya utumbo ipo, ni nyingi, na inatibika. Lakini mgonjwa anayejulikana kuwa na seliaki, au mtu aliyeharisha kwa miaka bila jina la ugonjwa, asianzishiwe dawa za TB za miezi 6 kwa dhana peke yake. Miezi 6 inatosha kwa limfoma kutoboa utumbo. Kinyama kipatikane, kipimwe vimelea vya TB kwa GeneXpert na kwa kuoteshwa, na kipande cha pili kipakwe rangi za CD3 na CD8. Pale ambapo kinyama hakiwezekani kabisa na dawa zimeanzishwa, mgonjwa aonwe tena ndani ya wiki chache akiwa na mizani mbele yake. Asiyeongezeka uzito asiendelee kuhesabiwa kuwa na TB.

Kipo kipimo kingine kilicho karibu nasi sana. Katika seliaki iliyokomaa wengu husinyaa na kushindwa kazi, na hili huonekana zaidi kwa wenye matatizo makubwa ya utumbo. Wengu usiofanya kazi huacha alama katika damu: vitone vya zambarau ndani ya chembe nyekundu, viitwavyo vitone vya Howell-Jolly. Mafundi wa maabara zetu wanatazama slaidi za malaria kila siku, na hakuna jicho lililozoea chembe nyekundu kuliko la kwao. Waambiwe tu watafute. Lazima kwanza ifahamike kama mgonjwa ana selimundu au aliwahi kutolewa wengu, kwa maana hao nao huwa na vitone hivyo. Asiye na historia hiyo, mwenye seliaki na vitone, achanjwe dhidi ya nimonia ya pneumokokasi, na utumbo wake uangaliwe kwa makini zaidi.

Nimalizie na chumba cha upasuaji. Limfoma ya seliaki mara nyingi hujitangaza usiku wa dharura: utumbo umetoboka au umeziba, na daktari anapasua tumbo bila kujua kama mtu huyu aliwahi kusikia neno seliaki. Anakata sehemu iliyooza, anaunganisha, anaokoa maisha. Sehemu iliyokatwa inapelekwa maabara. Mara nyingi kinachopelekwa ni uvimbe peke yake, na ripoti inarudi ikisema limfoma, basi. Chanzo chake hakijulikani, na mgonjwa akipona jeraha anarudi nyumbani kula mkate.

Ombi langu kwa madaktari wa upasuaji walio katika ukumbi huu ni hili. Chukueni pia kipande cha utumbo unaoonekana mzima, mbali na uvimbe, kwenye kingo za mkato, na mkiweke katika chupa yake yenyewe ya formalini. Katika fomu andikeni mambo manne: mgonjwa ameharisha kwa muda gani, amepungua kilo ngapi, anameza dawa zipi, na kama amepewa steroidi na tangu lini. Ombeni mwanapatholojia aseme hali ya vinyweleo katika kile kipande cha mbali, kwa sababu hapo ndipo seliaki itakapoonekana. Na maabara isiyo na rangi za CD3 na CD8 isitupe kitu. Kipande kilichokwisha kugandishwa ndani ya nta hudumu miaka mingi bila barafu, huingia katika bahasha, na kinaweza kusafiri hadi maabara nyingine ya nchi hii au ya nchi jirani ambako rangi hizo zipo. Namba ya kipande iandikwe katika karatasi anayotoka nayo mgonjwa hospitalini, kwa mwandiko unaosomeka, ili daktari atakayemwona baada ya miaka miwili ajue pa kukiombea.